Miti ya matunda bila kisima: maji tunayomwaga yanatosha

Mwezi huu tunapenda tuongee juu ya jambo ambalo lilitushinda sisi walimu kwanza, halafu likatufundisha. Ni habari ya maji na miti ya matunda. Wengi wenu mnatuuliza: "Walimu, mnatuambia tupande papai na maembe, maji tutatoa wapi? Kisima hatuna, kwenye bomba kuna foleni, na maji ya kunywa yenyewe hayatoshi." Swali hilo ni la haki. Hatutalijibu kwa maneno matamu. Tutawaeleza tulivyokosea hapa kambini, na yale tuliyokwenda kuona Kampala.

TULIVYOSHINDWA

Mwaka 2022, mwisho wa mwezi wa tano, tulipanda miche 12 nyuma ya madarasa: mipapai, miembe, miparachichi na mipera. Watoto walifurahi sana. Kila darasa likapewa miti yake, na tukapanga kwamba kila mtoto mkubwa alete lita 5 za maji kila asubuhi. Tulijiona tumefanya kazi nzuri. Kumbe tulikuwa tumekosea mara tatu.

Kosa la kwanza, tulipanda wakati mvua inamalizika. Miche haijashika udongo, jua la mwezi wa sita likaikuta. Kosa la pili, tulimwagilia kidogo kidogo kila siku. Maji yalilowesha udongo wa juu tu, na kabla ya saa sita jua limeshayanywa yote. Mizizi ya chini haikuonja kitu. Kosa la tatu ndilo lilituuma zaidi. Maji yale yalitoka kwenye bomba la watu, na waliokuwa wanayabeba ni watoto.

Siku moja mama mmoja alikuja shuleni, akasimama mlangoni bila hasira. Akasema: "Walimu, nisameheni, mimi ninauliza tu. Huyu mtoto nilimleta hapa asome ao achote maji? Asubuhi anachota ya nyumbani, akifika hapa anachota ya mti. Atasoma saa ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Jioni tukafungua daftari la mahudhurio, tukaona mwezi ule wachelewaji wameongezeka, na wengi wao ni wasichana. Kesho yake tukasimamisha kazi ya kubeba maji. Mpaka mwezi wa nane miche kumi ilikuwa imekauka. Ilibaki mipera miwili tu.

TULICHOONA MAKINDYE

Mwezi wa kwanza 2023, wakati wa likizo, watatu kati yetu tulikwenda Kampala kutafuta vitabu, tukapokelewa na ndugu zetu wanaokaa upande wa Nsambya. Mnajua wenyewe, watu wetu wengi walioko mjini wanapanga vyumba huko Nsambya, Katwe na Makindye.

Mtu anaweza kufikiri Kampala hakuna shida ya maji, kwa sababu ziwa liko pale pale. Ni kweli maji ya mji yanatolewa Ziwa Victoria, yanasafishwa Ggaba na Katosi, halafu shirika la NWSC linayagawa kwa mabomba. Lakini kukaa karibu na ziwa si kuwa na maji nyumbani. Asiye na bomba uani kwake ananunua kwa jerikani, ile ambayo wengine tunaiita bidon. Pale tulipofikia jerikani moja ya lita 20 ilikuwa shilingi 200 siku za kawaida. Bomba likikatika, vijana wa baiskeli wanataka 500.

Na kisima je? Kampala ni mji wa vilima. Ukikaa juu ya kilima, maji ya chini yako mbali, na kuchimba ni pesa ambayo mpangaji hana. Ukikaa bondeni, maji yako karibu, lakini vyoo navyo viko karibu. Utafiti mmoja juu ya chemchemi za Kampala uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba uchafu unapanda haraka katika maji hayo baada ya mvua kunyesha. Kwa hiyo kisima si jibu kwa kila mtu, hata mjini.

Sasa, siku moja tulipelekwa Makindye kwa mama mmoja kutoka Uvira. Ni nyumba ya kupanga, yenye uwanja mdogo kwenye mteremko. Mwezi wa kwanza huwa ni wa ukavu Kampala, njiani ni vumbi tupu. Lakini ndani ya ule uwanja tulikuta mipapai mitatu imebeba, mlimau, migomba miwili, na pasheni imepanda juu ya uzio. Tukashangaa. Tukamwuliza: "Mama, hii yote unaimwagilia na nini? Si utamaliza pesa?"

Akacheka. "Maji ya kununua siupi mti hata kikombe. Ya kununua ni ya watoto. Mti unakunywa yale ambayo ninyi mnamwaga."

Akatutembeza. Mahali pa kuogea pana mfereji mdogo unaokwenda kwenye migomba. Maji ya kuosha vyombo yanakaa kwenye ndoo, jioni yanakwenda kwa mpapai mmoja, kesho kwa mwingine. Maji ya bati yanateremka kwenye pipa, na pipa likijaa yanaingia mtaro uliochimbwa juu ya miti. Hakuna tone linalotoka uwanjani bila kupita kwenye mzizi. Tulikaa pale mpaka saa kumi na moja, tukiandika kama wanafunzi.

HESABU YA BATI

Tuliporudi tulifanya hesabu, na tunawaomba muifanye pamoja na watoto wenu. Mvua inapimwa kwa milimita. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ni rahisi hivyo.

Tuchukue nyumba yenye bati la mita 4 kwa mita 6. Hiyo ni mita za mraba 24. Ikinyesha mvua nzuri ya milimita 10, juu ya bati lako zimeanguka lita 240. Toa zile zinazoruka pembeni na kupotea, unabaki na lita 200 hivi. Ni jerikani 10, kwa mvua moja, bila foleni! Kampala kwa mwaka hupata mvua ya milimita 1,200 au zaidi. Bati hilo hilo dogo kwa mwaka linaweza kukupa zaidi ya jerikani 1,100. Huku kwetu upande wa Nakivale na Isingiro mvua ni chache kuliko Kampala, lakini bado ni nyingi kuliko tunavyodhani. Tunaziacha zinapita mlangoni na kuchimba makorongo.

Sasa mahitaji ya miti. Mche mdogo uliopandwa vizuri unatosheka na lita 20 kwa wiki wakati wa ukavu. Ukiwa na miti 6, ni lita 120 kwa wiki. Ukavu ukichukua wiki 10 bila tone, ni lita 1,200, yaani jerikani 60. Ukinunua kwa shilingi 300 ni shilingi 18,000. Ukitaka kuziweka, unahitaji mapipa sita ya lita 200. Nani kati yetu ana mapipa sita?

Lakini angalia upande wa pili. Familia inayotumia jerikani moja tu kwa siku kwa kuoga na kuosha vyombo inamwaga lita 20 kila siku. Kwa wiki ni lita 140. Miti yako sita ilitaka 120. Kwa hiyo maji tayari yapo, sisi tunayamwaga njiani.

UDONGO NDIO PIPA LETU

Jambo kubwa tulilojifunza ni hili: asiye na mapipa aweke maji ndani ya udongo. Na udongo hauweki maji mpaka uutengeneze.

Kwanza shimo. Usichimbe kashimo ka kuingiza mche tu. Chimba urefu, upana na kina cha sentimita 60, hata mwezi mmoja kabla ya kupanda. Udongo wa juu uweke upande wake, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na samadi iliyooza au majani yaliyooza, urudishe. Udongo wenye mbolea unashika maji kama sifongo, udongo mtupu unayaachia.

Pili, tuta la nusu mwezi. Kama uwanja una mteremko, jenga tuta upande wa chini wa mti, umbo la mwezi mchanga, mikono yake ikitazama juu. Mvua ikiteremka inakamatwa pale na kuzama kwenye mizizi. Kule Machakos, Kenya, wakulima wa mlimani wanachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, na njia hiyo dunia nzima inaijua kwa jina la Kiswahili: fanya juu. Ndani ya mtaro wanapanda migomba na mipapai. Na Burkina Faso, nchi kavu kuliko yetu, mkulima Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alijulikana kwa kuchimba vishimo vya mbolea vya kukamata mvua kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, mpaka msitu ukaota. Hakuwa na mashine, alikuwa na jembe.

Tatu, blanketi. Tandaza nyasi kavu, majani ya migomba au mabua ya mahindi kuzunguka mti, unene wa kiganja. Jua halitafika kwenye udongo, na maji yatakaa siku nyingi zaidi. Ila acha nafasi ya shubiri moja kutoka kwenye shina, ukiligusisha litaoza na mchwa wataingia.

Nne, mwagilia mara chache lakini kwa wingi. Lita 20 mara moja kwa wiki ni bora kuliko lita 3 kila siku. Maji yakishuka chini, mizizi inayafuata chini, na mti unajifunza kujitegemea. Mwagilia jioni, si saa saba mchana.

CHUPA NA CHUNGU

Kwa mche mchanga kuna njia mbili za bei ndogo. Ya kwanza ni chupa ya plastiki. Kata kitako chake, toboa kifuniko kwa sindano, funga kitambaa kwenye mdomo ili udongo usizibe, halafu uizike kichwa chini karibu na mizizi. Ukiijaza, maji yanatoka tone kwa tone.

Ya pili ni chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Kizike mpaka shingoni kando ya mche, kijaze maji, funika. Udongo wa nje ukikauka unayavuta maji kupitia kuta za chungu, ukilowa unaacha. China waliandika juu ya njia hii miaka 2,000 iliyopita. Mama zetu wanaofinyanga vyungu hapa kambini wanaweza kutusaidia, hata chenye mdomo uliovunjika kinafaa.

MAJI YA SABUNI

Wengi wanaogopa sabuni. Maji ya kuoga na ya vyombo yaliyotumia sabuni ya kipande hayaui mti. Lakini sikilizeni vizuri:

Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, kama Jik, usimwage kwenye mti. Maji ya kwanza ya kufulia, yenye sabuni nyingi ya unga, yaache, tumia ya kusuuzia. Mwaga kwenye udongo chini ya nyasi, usimwage juu ya majani. Usimwagilie mboga zinazoliwa mbichi. Usiyaweke zaidi ya siku moja, yananuka na kuleta mbu. Usiupe mti mmoja kila siku, zungusha, na mvua ikija iache ioshe udongo.

WAKATI NA AINA YA MTI

Panda mvua inapoanza. Kwa Kampala na sehemu nyingi za kusini mwa Uganda ni mwezi wa tatu, au wa tisa. Mche unapata mvua za miezi miwili au mitatu ya kushika ardhi kabla ya ukavu.

Mpapai unaweza kuzaa kabla ya mwaka kuisha au baada yake kidogo, na pasheni vile vile. Lakini mpapai hautaki maji yanayosimama, mizizi inaoza. Mparachichi pia ni hivyo. Mwembe unavumilia ukavu ukishakua. Mgomba ni mlevi wa maji, uweke karibu na mahali pa kuogea. Ukipata miche iliyobebeshwa, yaani tawi la mti unaozaa limeunganishwa juu ya mche mwingine, mwembe huzaa kwa miaka mitatu au minne hivi. Wa mbegu utakungoja zaidi. Kazi ya maji ni miaka miwili au mitatu ya mwanzo, baada ya hapo mizizi imeshuka na mti unajitafutia.

TAHADHARI

Pipa lifunikwe kwa kitambaa au wavu, kwa sababu mbu wa malaria wanapenda maji yaliyosimama, na mtoto mdogo anaweza kutumbukia. Mvua ya kwanza baada ya ukavu iache ioshe bati. Maji ya pipa ni ya mti, msiyanywe bila kuyachemsha. Shimo lililo wazi lizibwe kwa mbao. Na ninyi mlioko mjini mnapanga, muulizeni mwenye nyumba kabla ya kupanda. Akikataa, pasheni au mlimau hukubali ndani ya gunia au ndoo kuukuu yenye matundu chini.

TULIRUDIA

Mwezi wa tatu 2023 tulichimba tena mashimo yale yale 10. Safari hii watoto hawakubeba hata chupa moja kutoka bombani. Tulifunga mfereji wa bati kwenye darasa moja, tukachimba mtaro, na maji ya kunawa mikono tukayaelekeza kwenye miti. Miche 10 tuliyopanda, miwili ilikufa, mmoja mbuzi aliula. Saba iliyobaki ilivuka ukavu, na mwaka 2024 watoto walikula papai za kwanza. Yule mama aliyetuuliza swali tulimpelekea moja. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema tu: "Sasa mtoto anasoma."

Limebaki swali moja ambalo tunalisikia kila siku: "Kwa nini nipande mti, na mimi niko safarini? Kesho jina langu linaweza kutoka." Hata sisi tulilipeleka kwa yule mama wa Makindye. Yeye naye anangoja kama sisi. Akatuonyesha nyuma ya nyumba mparachichi mkubwa uliopita bati kwa urefu. "Huu niliukuta," akasema. "Aliyeupanda simjui. Labda alirudi kwao, labda alipelekwa Kanada. Watoto wangu wamekula parachichi zake miaka minne."

Basi, kazi ya nyumbani kwa kila familia mwezi huu: pimeni bati lenu kwa hatua au kwa kamba, mfanye hesabu na watoto, halafu mhesabu ndoo ngapi za maji mnamwaga kwa wiki. Leteni majibu shuleni. Mwenye chupa kuukuu za plastiki asitupe, atuletee. Mashimo tuanze kuchimba sasa, mvua isitukute tumekaa.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.